Shauri la Mpasuko wa Kwapa la Kushoto katika Kanzu ya Mheshimiwa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mji, na mji ule ulikuwa na zimwi, na zimwi yule alikuwa na ofisi. Msicheke. Mazimwi wasio na ofisi hukimbiwa. Mwenye ofisi hupangiwa foleni.

Basi siku moja Kunguru, mpiga mbiu wa Zimwi, alitua juu ya paa la Mwanakheri, msuka mikeka. Akakohoa, akatangaza:

"Shauri la Mpasuko wa Kwapa la Kushoto katika Kanzu ya Mheshimiwa Zimwi! Fundi yeyote wa nguo afike barazani!"

"Fundi wa nguo ni mume wangu, Shaweji," alisema Mwanakheri, mikono yake ikiendelea kusuka. "Ameitwa tangu asubuhi. Hajarudi."

"Wala hatarudi. Alipinda mshono. Mheshimiwa amemmeza, yeye na sindano zake, yeye na mkasi wake, yeye na pasi yake. Na katika kummeza, kwapa likazidi kupasuka. Kwa hiyo shauri bado liko wazi."

"Amemtafuna?"

"Bibi wee! Kutafuna hakumo katika kanuni. Kanuni inasema kumeza."

Mwanakheri akaweka chini ukili, ule utepe wa mkeka aliokuwa akiusuka. Kama hakutafunwa, yu mzima. Na kama yu mzima, huenda akatoka alikoingilia. Hakulia, maana kulia kungemchelewesha.

Akatia vitu vyake kapuni: kifuu cha nazi, shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka, kamba nyembamba ya makumbi ya nazi aliyokuwa akifungia mizigo ya mikeka, na chungu kidogo. Akaenda.

Zimwi alikuwa ameketi barazani, mkono wa kushoto juu, kwapa wazi, upepo unaingia. Jioni ile mazimwi wa miji yote walikuwa na mkutano, naye hakutaka kuonekana mbavu.

"Kanzu ni moja, tumbo ni moja," akasema. "Ukikosea, nakumeza."

"Nimesikia, Mheshimiwa." Akatoa kifuu.

"Hicho ni cha kutekea maji!"

"Nyumbani, ndiyo. Hapa nakiweka ndani ya kwapa, kitambaa kikae juu yake kimenyooka, nisije nikakudunga."

Zimwi akamgeukia Kunguru. "Kuna kanuni inayokataza kifuu kwapani?"

Kunguru akafikiri sana. "Hakuna, Mheshimiwa. Hakuna aliyewahi kuwazia jambo hilo."

Basi akatoa shazia.

"Kanzu ni moja, tumbo ni moja. Hiyo si ya mikeka?"

"Ya mikeka. Sindano za nguo umezimeza."

"Kweli," akakiri Zimwi, akijipapasa tumbo. "Zinachoma."

Mwanakheri akaitunga ile kamba ya makumbi kwenye shazia, akashona. Akashona kama anavyoshona ukili kwa ukili, ukingo kwa ukingo, mshono usionekane. Akaziba kwapa, akamwambia Zimwi ashushe mkono. Akateremka, akaushona mkono wa kanzu kwenye ubavu. Akazunguka tumbo, akatokea upande wa pili, akaushona na mkono wa kulia vilevile. Akazunguka tena.

"Mbona unashona na huku kusikopasuka?"

"Mheshimiwa, mpasuko una ndugu zake. Ukimziba mmoja, wengine wanaona wivu."

"Yule fundi hakuniambia hayo."

"Hakupata nafasi."

Mwishowe akachota makaa ya moto jikoni kwa Zimwi, akayatia ndani ya chungu.

"Kanzu ni moja, tumbo ni moja! Na hicho chungu?"

"Pasi pia umeimeza. Kitako cha chungu hiki nimekisugua kwa jiwe mpaka kikawa laini; kitanyoosha vizuri. Ila nguo hainyooshwi kavu. Lazima niinyunyizie maji."

"Nyunyiza."

Mwanakheri akainua mtungi mzima uliokuwa barazani, akaumwaga wote.

"Huko ndiko kunyunyiza?"

"Kanzu ni kubwa, Mheshimiwa."

Sasa, msuka mikeka yeyote aliyewahi kunyeshewa njiani na mzigo wake anajua: kamba ya makumbi ikilowa hukaza, hata fundo halifunguki. Mwanakheri alijua kamba. Zimwi alijua kanuni.

Kamba ikakaza. Zimwi akataka kuinua mkono, umeshonwa. Akataka kuvuta pumzi. Haina pa kukaa.

"Nifungue!"

"Shauri bado liko wazi, Mheshimiwa."

Kamba ikakaza. Zimwi akapiga kwikwi, zikatoka sindano.

Kamba ikakaza. Akapiga kwikwi, ukatoka mkasi.

Kamba ikakaza. Akapiga kwikwi ya tatu, akatoka Shaweji, kofia upande, pasi mkononi.

"Mke wangu," akasema, akipangusa uso, "mimi sikupinda mshono. Huyu alicheka nikiwa katikati ya kazi."

"Tutayazungumza nyumbani. Okota mkasi."

Akauokota upesi, kwa kuwa pale barazani hapakuwa na kitu kingine ambacho Zimwi angeweza kukatia kamba ile.

"Nitawameza!" Zimwi akanguruma. Akaachama, lakini tumboni hapakuwa na nafasi hata ya tonge. Basi akaondoka akirukaruka kama gunia lenye miguu, akaenda mkutanoni vile vile. Wenzake walipomwona walicheka mpaka akaona haya kurudi mjini.

Kunguru akabaki juu ya paa la ofisi tupu. Akakohoa, akatangaza kwamba mpasuko umezibwa kwa mujibu wa kanuni, na shauri limefungwa.

Nami hadithi yangu naikatia uzi hapa. Funzo lake: chombo usikiulize jina tu, kiulize na kinachoweza.

Na kilichotokea hasa ni hiki: mwanamke alimshona zimwi ndani ya kanzu yake kwa kamba ya kufungia mikeka, akaimwagia maji, akarudi nyumbani na mume wake.