Kipande Pacha Kwenye Msumari

Wapendwa, tumeonywa mara nyingi juu ya majivuno, na tumeonywa kwa haki. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya fahari. Kwa hiyo naomba tuingie pamoja kwenye karakana moja ya ngozi.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa hatamu, katika mji wa nyanda za juu ambako kila mwaka, ngano ikishavunwa, watu hushindanisha farasi mashambani. Hatamu ni ile mikanda miwili mirefu inayotoka kinywani mwa farasi mpaka mikononi mwa mpandaji. Ikikatika au ikilegea, farasi hana breki.

Ndiyo maana mji ule ulikuwa na desturi kali. Fundi alipokata hatamu, alikata na kipande cha tatu kwenye ngozi ileile, pembeni kabisa mwa ile miwili, akakitundika kwenye msumari ukutani. Walikiita kipande pacha. Hatamu ikiharibika uwanjani, wazee walitamka maneno matatu tu: "Leteni pacha wake." Kililetwa, kikavutwa mbele ya watu wote. Nacho kikishindwa, fundi alifunga duka.

Mama huyu alikuwa na ukuta mzima wa vipande pacha, na hapakuwa na hata kimoja kilichowahi kushushwa. Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, aliutazama ukuta wake. Mtasema hayo ndiyo majivuno yenyewe? Subirini kidogo.

Siku chache kabla ya mashindano akaja kijana mmoja, mpandaji hodari, tena anajijua.

"Shikamoo, mama fundi. Nataka hatamu za kunipa ushindi."

"Marahaba, baba. Hatamu hazikimbii. Anayekimbia ni farasi wako."

Kijana akacheka, akamgeukia binti wa fundi aliyekuwa ameketi akishona. Naye angepanda farasi katika mbio zilezile.

"Dada, siku hiyo utanitambua kwa kisogo. Uso wangu hutauona mpaka jioni."

"Basi kakioshe hicho kisogo," binti akamjibu, "watu wasije wakasema nilikimbizana na uchafu."

Kijana alipoondoka, mama akatandaza ngozi ya mwisho aliyokuwa nayo, ya maksai mzee aliyevuta jembe maisha yake yote. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mfano wote umesimama hapa. Ngozi si moja. Ngozi ya mgongo ni ngumu, imeshikana, na rangi yake haivutii. Ukiikunja, inatoa mikunjo midogo kama ya kiganja. Ngozi ya tumbo ni laini, ukiipaka mafuta inang'aa kama kiatu cha harusi, lakini ukiivuta inarefuka. Kwa macho, tumbo ni zuri kuliko mgongo. Na sehemu ya mgongo ilitosha hatamu za mtu mmoja tu.

Binti akasogea. "Mama, ya mgongo nikatie mimi. Yule mkatie ya tumbo."

"Yeye ndiye aliyetangulia kuagiza."

"Kwani yeye ni nani kwetu? Ukishaipaka mafuta, nani atajua?"

"Kipande pacha kitajua."

"Pacha mkatie kwenye mgongo! Mama, nani atakuja kupima?"

Mama akakunja ngozi, akapitisha kidole gumba juu ya mikunjo. Msidhani alikuwa malaika. Mbele yake alisimama mwanawe wa pekee, na nje ya mlango bado kilisikika kicheko cha yule kijana. Wewe ungekata wapi?

Akachukua kisu. Akakata mgongo, hatamu za kijana na pacha wake, vyote kwenye mgongo uleule. Kisha akaingia ndani, akatoka na hatamu zake mwenyewe za ujanani, nyeusi kwa jasho, ngumu, nzima.

"Hizi hazipendezi," akamwambia binti yake, "lakini sitakupa kitu cha kukuvunja shingo. Ile ya tumbo tutashonea pochi."

Binti akazipokea bila kusema asante.

Siku ya mbio ikafika. Na aliyetangulia, wapendwa, alikuwa binti! Yule kijana wa kisogo alikuwa nyuma yake, anakula vumbi. Lakini kwenye kona farasi wa binti akateleza. Nasema wazi ili msimlaumu mama: hatamu zile kuukuu zilishika, ni kwato iliyoteleza. Binti akaanguka katikati ya njia, na farasi wa kijana alikuwa anakuja moja kwa moja juu yake.

Kijana akavuta. Akavuta kama mtu anayevuta roho ya mwenzake kutoka kaburini. Ngozi ya tumbo ingerefuka, na farasi angepiga hatua moja zaidi. Ile hatua moja ingetua juu ya kichwa cha yule binti. Ngozi ya mgongo haikurefuka. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, akapinda, na kwato zake zikashuka kando ya bega la binti.

Kisha mzee mmoja akasema, "Leteni pacha wake."

Mama aliyekuwa akikimbia kuelekea kwa mwanawe akaganda. Maisha yake yote maneno hayo yalikuwa ya aibu. "Kwani zimekatika?"

"Hazikukatika, mama. Tunataka kuiona ngozi iliyomzuia farasi yule."

Kipande kikashushwa msumarini. Kijana akashika ncha moja, binti, mchanga ukiwa bado kwenye meno, akashika ya pili. Akamnong'oneza mama yake, "Mama, ni mimi niliyesema nani atajua."

"Najua. Vuta."

Wakavuta mpaka wote wawili wakakaa chini, na watu wakaangua kicheko. Kipande hakikuongezeka hata upana wa kucha. Mama akasimama pale, kichwa juu, na hakuna aliyeona dhambi katika kichwa kile.

Ndugu zangu, mama yule alidhani anamkatia mpinzani wa mwanawe. Kumbe alikuwa anakata kinga ya shingo ya mwanawe.

Na sisi je? Wewe unayechanganya saruji ya nyumba ambayo hutalala ndani yake. Wewe unayepima dawa ya mgonjwa usiyemjua jina. Wewe unayesahihisha daftari la mtoto wa jirani mliyenuniana. Tunaambiana, "Nani atajua?" kisha tunapaka mafuta. Tumezoea kuogopa majivuno mpaka tumekosa hata fahari ya kukata vizuri!

Mimi sitawauliza kama Mungu anaona. Hilo mnalijua. Nawauliza jambo moja. Kila kazi tunayoitoa mikononi mwetu ina pacha wake, na pacha huyo ananing'inia mahali. Siku moja atashushwa, na watu watashika ncha hii na ncha ile.

Siku hiyo, je, tutasimama hapo kichwa juu, tukitazama kama mama yule?