Mfiwa wa Upande wa Pili

Mkurugenzi Shemahonge hakuajiri mtu asiye wa ukoo wake. Hata mlinzi wa geti alikuwa shemeji yake. Mashoto, aliyekwisha kunyimwa kazi pale, alirudi akaingia moja kwa moja ofisini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mjomba kwa nani?"

"Ala! Kwenye msiba wa bibi, mama yako, si ulinikumbatia ukasema, 'Jikaze, mwanangu'?"

Mkurugenzi akamkumbuka: ndiye aliyeshika chepeo akafukia kaburi, akalia kuliko wafiwa. Akaona aibu kuuliza zaidi, akampa kazi ya stoo.

Nyumbani mkewe akashangaa. "Kumbe ulimjua mama yake mkurugenzi?"

"Nimjulie wapi? Upande wa baba walidhani mimi ni wa upande wa mama, na wa mama wakadhani ni wa baba. Mwenyewe nilifuata ubwabwa."