Pimbi, Fisi na Neno Lefti

Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo!
Ije na nini?
— Na kiazi cha moto!
Kikiunguza ulimi?
— Tutapuliza, tutasikiliza!

Basi pulizeni, na wewe wa nyuma acha kupiga miayo. Ngano hii alinipa bibi yangu Nyanzala, jikoni kwake, tukimenya viazi vya kukausha, mimi na Limi na Shija. Leo nimesikia harufu ya viazi, moyo ukaniuma, nikaikumbuka.

Hapo kale Fisi alichungulia ua wa shule, akaona watoto wanapiga gwaride. Lefti, raiti! Lefti, raiti! Kila wakisema lefti, mguu wa kushoto chini, puu! Fisi akarudi porini kifua mbele.

"Mimi nimesoma," akasema.

Tangu hapo kila penye ugomvi Fisi alinena Kizungu, na wenzake wakanywea. Mahindi ya Ngedere? "Lefti!" Akayabeba. Asali ya Kima? "Lefti!" Akailamba. Bonde lenye rutuba? "Lefti!" Likawa lake lote.

Lakini Pimbi alikuwa na kawaida ya kuota jua juu ya jabali, karibu na dirisha la darasa. Siku moja mwalimu aliweka viazi mezani, akaondoa baadhi, akauliza kwa Kizungu vingapi ni lefti. Darasa zima likanyoosha mkono wa kushoto! Mwalimu akacheka mpaka akaketi.

"Lefti ni kushoto, ndiyo," akasema. "Lakini kilichobaki nacho ni lefti. Na mtu akiondoka, naye lefti."

Pimbi akalitia neno lile akilini, akaendelea kuota jua.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Pimbi alikuwa na watoto wanne na ndani hamna hata ganda la kiazi. Bila mavuno, kiangazi kisingewaacha hai wote. Akaenda kwa Fisi kuomba pa kulima.

"Tulime pamoja, Mama Pimbi," Fisi akasema. "Mimi natoa bonde, wewe unatoa mgongo."

Wakalima. Pimbi akatifua, chwa! chwa! Fisi akalala, khorooo! Pimbi akapanda, chwa! chwa! Fisi akalala, khorooo! Pimbi akapalilia, chwa! chwa! Fisi akalala, khorooo! Pimbi akachimba viazi, ng'oo! Fisi akaamka.

"Sasa tugawane Kizungu," akasema, mate yanamtoka.

Akaweka viazi vinono kushoto, rundo kama kichuguu. Vile vyembamba vya nyuzinyuzi akaviweka kulia, fungu la kujaza kikapu kimoja.

"Lefti yangu, raiti yako!"

Pimbi akalitazama lile fungu dogo. Watoto wake walikuwa wanamtazama yeye. Akamgeukia Fisi.

"Sawa, Mzee Fisi. Kasuku, njoo uwe shahidi. Lefti ni ya nani?"

"Yangu!" akanguruma Fisi.

"Lefti yangu! Raiti yako!" akarudia Kasuku kutoka mtini.

"Hutageuka baadaye?"

"Msomi hageuki!" Fisi akajinyoosha. "Kugawa kumenichosha. Nalala kidogo, kisha nibebe." Khorooo!

Pimbi akawakonyeza watoto. Wakabeba, tuku-tuku, tuku-tuku. Wakabeba vya kulia, tuku-tuku. Wakabeba vya kushoto, tuku-tuku. Wakavisukumia vyote kwenye nyufa za jabali, mahali ambapo kichwa cha Fisi hakipiti. Pimbi akarudi na kiazi kimoja kilichooza, akakiweka taratibu upande wa kushoto wa Fisi.

Fisi akaamka. Akapapasa huku, akapapasa kule.

"Uwii! Viazi vyangu! Kasuku, Pimbi yuko wapi?"

"Pimbi lefti!" akajibu Kasuku.

Fisi akatimka kushoto. Hayupo. Akakata kushoto tena. Hayupo. Kushoto tena, kushoto tena, mpaka akajikuta palepale pa mwanzo, ulimi nje. Juu ya jabali Pimbi alikuwa anatafuna, kwacha kwacha.

"Mwizi! Nilisema lefti yangu!"

"Nami nimekuachia. Lefti ni kilichobaki, hicho hapo."

"Lefti ni kushoto!"

"Basi tazama, kiko kushoto kwako."

"Na mbona umechukua vyote?"

"Ulinipa raiti, Mzee. Raiti ni haki. Nami ndiye niliyelima."

Fisi akakitazama kiazi chake. Kikanuka. Tangu siku hiyo anatembea kiuno chini, maana angali anakata kushoto akimtafuta Pimbi.

"Funzo," Bibi alikuwa akimalizia, uso mkavu, huku anajichagulia kiazi kikubwa kuliko vyote. "Wajukuu zangu, jifunzeni neno moja tu, lishikeni kwa maana moja tu, kisha mlale. Viazi vitawasubiri." Tukacheka mpaka visu vikatuponyoka.

Hadithi imeiva, nimeiepua. Mwenye njaa na apulize.

Bibi hayupo tena. Limi aliolewa mbali, Shija tulimzika mwaka wa mafuriko. Jikoni kwa Nyanzala nikiulizwa habari zao, najibu lefti. Nikiulizwa habari zangu, najibu lefti vilevile: kisu mkononi, kiazi nusu kimemenywa, nimebaki.