Mfumo Ambao Manesi Hawakuonyeshwa

Palikuwa na mtu mmoja mjini Mbeya, jina lake Kapange, mwenye ofisi ndogo ya kutengeneza programu za kompyuta. Aliajiri vijana watatu, mmoja wao Atupele, binti mtulivu aliyeipenda kazi yake. Wakapewa kazi na kituo cha afya: watengeneze mfumo wa kupokea wagonjwa.

Kapange akaenda semina. Huko alifundishwa kwamba kikundi kidogo kifanye kazi kwa vipande vifupi. Kila kipande kikikamilika kipelekwe kwa atakayekitumia, akijaribu, aseme kinapombana, kirekebishwe, ndipo kianzwe kingine. Alifundishwa pia kwamba wafanyakazi wakutane asubuhi wakiwa wamesimama, ili wasipige soga, na kwamba kazi ziandikwe kwenye vikaratasi na kubandikwa ukutani. Aliporudi, alirudi na mambo mawili tu: kusimama, na vikaratasi. Yale mengine aliyaacha hukohuko.

Kila asubuhi wakasimama. Ukuta ukajaa vikaratasi vya njano na vya kijani, wageni wakaja kuupiga picha. Lakini Atupele alipomaliza ukurasa wa mapokezi akaomba kuupeleka kwa manesi, Kapange alimkatalia. Mteja, alisema, haonyeshwi kazi mbichi, atatudharau. Kesho yake binti akauliza, mbele ya wenzake, kama kweli kila mgonjwa atakuja na namba ya kitambulisho. Akajibiwa kwamba wamesimama pale kutoa taarifa, si kubishana. Wenzake wakaendelea kutoa taarifa zao. Tangu siku hiyo Atupele naye akawa anatoa taarifa tu.

Mfumo ukaisha, ukapelekwa wote kwa mkupuo, kwa hotuba na keki. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akaamuru asihudumiwe mtu yeyote nje ya mfumo.

Asubuhi ya kwanza Atupele alikuwa ameketi mapokezi kando ya nesi aitwaye Sekela. Akaingia mama mwenye uchungu, ameshikwa mkono na mumewe. Sekela akaandika jina. Kompyuta ikadai namba ya kitambulisho. Hawakuwa nayo; walikuwa wametoka nyumbani mbio. Bila namba ukurasa haukusogea, na chumba cha kujifungulia hakikupokea jina. Sekela akamwita mkunga. Mkunga akasema amekatazwa kupokea mtu ambaye jina lake halijafika. Mume akatumwa nyumbani kufuata kitambulisho. Mama akaketi kwenye benchi, akijizuia kulia mbele za watu, na Atupele akabonyeza na kubonyeza kwenye ukurasa alioutengeneza mwenyewe. Mtoto akazaliwa palepale, kwenye benchi la mapokezi, wanaume wakigeuza nyuso, Sekela akivua koti lake kumsitiri mama. Mtoto alikuwa mzima. Lakini nani atamrudishia mama yule heshima yake?

Siku iliyofuata Kapange alisema kikundi hakina nidhamu. Kuanzia sasa watasimama asubuhi na jioni. Ndipo Atupele, ambaye hakuwahi kumpinga mtu kwa ukali, akamwambia:

"Bosi, tumesimama miezi yote hii, na hatukusimama kwa ajili ya mtu hata mmoja. Nesi yeyote angetuambia kosa letu kwa neno moja, kama ungeturuhusu tumwulize."

Hakungoja jibu. Alikwenda kituoni, akaketi na Sekela. Akaondoa lile sharti la namba, Sekela akajaribu, akamwonyesha pengine panapokwama, Atupele akarekebisha hapo pia. Wakaendelea hivyo kipande kwa kipande, siku baada ya siku, mpaka manesi wakaacha kuulaani mfumo. Kapange alipopata habari alimfukuza kazi, kwa kosa la kumwonyesha mteja kazi ambayo haijaisha. Na mwaka uleule yeye Kapange akaalikwa semina, safari hii kufundisha. Akaonyesha picha za ukuta wake, akapigiwa makofi.

Basi ninyi wenye ofisi na vyeo, mnaopokea kila desturi mpya mradi isiwalazimishe kumsikiliza mtu: yule atakayeumizwa na kazi yenu, mmempangia siku gani ya kuiona?