Shahidi wa Chausiku

Chausiku hakuwa na nyumba, lakini siku ya kujiandikisha kupiga kura alipanga foleni kama wenzake. Lukindo, tajiri aliyegombea udiwani, alipomwona alibinua midomo.

"Karani, huyu ombaomba mfukuze. Hana makazi mtaani kwetu."

"Mama, lete mwenye nyumba akushuhudie," karani akasema.

Chausiku akainamisha kichwa. "Bwana mkubwa amesema kweli, silali mtaa huu. Basi hata yale majivu anayoyakuta barazani kwake kila asubuhi si yangu."

"Mwongo mkubwa wewe," Lukindo akafoka. "Ni yako. Mwaka mzima unalala barazani kwangu, na mtaa wote unajua."

"Andika, mwanangu," Chausiku akamwambia karani. "Mwenye nyumba ameshashuhudia, tena bila kudai hongo."