Nta Moja, Midomo Mitatu

Hapo zamani, kabla bibi yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na atakayesinzia nitamtaja jina.

Mji huo ulikuwa na mbiu moja tu, pembe ya nyati, nayo ilikaa uani kwa Jumbe. Ikilia, watu hukimbilia kiwanjani kusikia habari. Mwaka mmoja nzige waliingia. Mbiu ikalia: "Yale ni mawingu ya mvua! Jumbe ameomba, Mungu amejibu!" Lo! Mawingu yakatua mashambani, yakatafuna mpaka mabua. Watu wakala mizizi mwaka mzima.

Ndipo wakasema, aa, mbiu moja haitufai. Wakulima wa mtaa wa Bondeni wakachonga ya kwao. Na ili mbiu mbili zisije zikaleta fujo, mji ukaweka mlinzi wa mbiu, Bi Mwanamvua, mjane asiyependa maneno mengi. Wakampa sheria. Habari ya mdomo mmoja ni uvumi. Isipigiwe mbiu mpaka mlinzi asikie mdomo wa pili. Mbiu moja ikiiuliza nyingine, iliyoulizwa ijibu. Na mlinzi mwenyewe asile kwa Jumbe, asile kwa watu wa Bondeni, ale cha shamba lake. Mbiu itakayovunja sheria itazibwa mdomo kwa nta, mwaka mzima isilie. Na mlinzi akivunja yeye, mlango wake utazibwa kwa nta, aondoke.

Miaka saba nta ile ilikaa chunguni haijaguswa. Bi Mwanamvua akiipita huiambia, "Lala mwanangu, lala."

Basi asubuhi moja Kondo, mpiga mbiu wa Bondeni, alipita kisimani. Akawakuta watu wa Jumbe wanamimina unga mweupe majini.

"Mnatia nini humo?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Kamuulize Jumbe."

Dawa! Nanyi mnakijua Kiswahili chetu kisivyo na haya. Ya kuponya mtu ni dawa, na ya kuua panya ni dawa vilevile. Na wiki hiyohiyo watu wa Bondeni walikuwa wamekataa kumlimia Jumbe shamba lake. 

Lakini Kondo hakukurupuka, tumpe haki yake. Alikwenda kwa Mwinchande, mpiga mbiu wa Jumbe. "Kaka, mbiu yangu inaiuliza yako: ile dawa ni ya nini?" Mwinchande akatazama vidole vya miguu yake. "Ya Jumbe hayasemwi mpaka Jumbe aseme." Kondo akakimbia kwa Bi Mwanamvua. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi ya tatu, aliyeitikia ni kuku. Akageuka, akawaona wanawake wanateremka kisimani na mitungi kichwani, na wa mbele kabisa ni mkewe.

Akapuliza. "Kisima kimetiwa dawa! Msinywe! Kisima kimetiwa dawa!"

Watu wakamwaga maji, wakaenda kuchota kwenye dimbwi la ng'ombe. Siku ya tatu matumbo yakawaendesha nyumba kwa nyumba. Bi Tabu, mfinyanzi wa vyungu, akafa. Na ile dawa? Ya kuua minyoo, jamani! Maji ya kisima hayajapata kuwa salama kama siku ile.

Mji ukafurika kiwanjani. Jumbe akasema, "Adhuhuri, kivuli kikirudi miguuni, nta iwe imekwisha pata mahali pake." Chungu kikawekwa motoni hapohapo, nta ikayeyuka. Ilitosha mahali pamoja tu, si zaidi. Bi Mwanamvua hakuweza kukaa. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anakoroga nta isiyohitaji kukorogwa. Tangu siku ya mazishi alikuwa akinusa vidole vyake.

Kondo akasema, "Sheria nimeivunja, sikatai. Lakini niliuliza, sikujibiwa. Nilibisha, sikufunguliwa. Mngetaka ningoje mpaka mke wangu anywe? Na mkiniziba mimi, mtabaki na mbiu ya nani? Mmewasahau nzige?"

Watu wa Bondeni wakapiga kelele, "Hatujasahau!"

Mwinchande akasema, "Mimi sikusema uongo hata neno moja. Jumbe alitaka habari ya dawa aitangaze mwenyewe kwenye harusi ya mwanawe jioni ile, ashangiliwe. Nilikula kiapo kwake. Mpiga mbiu akivunja kiapo leo, kesho nani atamwamini? Aliyepuliza ni Kondo, si mimi."

"Kunyamaza kwako ndiko kulikopuliza!" mtu akapayuka.

Hapo binti wa Bi Tabu akasogea mbele, macho mekundu. Hakumtazama Kondo, wala hakumtazama Mwinchande. "Na wewe, Bi Mwanamvua, mama yetu. Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Mwiko ukamponyoka Bi Mwanamvua. Angeweza kusema alikuwa shambani, nani angebisha? Lakini aliyalinda ya kweli miaka saba, na uongo haukumpanda mdomoni.

"Nilikuwa kwa Jumbe," akasema. "Bibi harusi ni mtoto wa marehemu dada yangu, mimi ndiye niliyemlea. Nilikwenda kumkabidhi kwa mumewe. Nikaletewa sahani. Nanyi mnajua desturi yetu, anayekataa chakula cha harusi amemlaani bibi harusi. Nilikula, wanangu. Nilikula pilau nikaona tamu, na hodi za Kondo sikuzisikia."

 Jumbe peke yake ndiye aliyetabasamu. "Basi yamekwisha. Zibeni mlango wake. Kesho nitawateulia mlinzi mwingine."

"Utateua wewe?" Kondo akauliza.

"Kwani nani?"

Mmesikia hayo? Kivuli kikarudi miguuni. Bi Mwanamvua akakinyanyua chungu kwa kitambaa, na nta ikaanza kuganda pembeni. Akatazama mbiu ya Kondo. Akatazama mbiu ya Mwinchande. Akatazama mlango wake mwenyewe. Binti wa Bi Tabu alikuwa akimtazama yeye.

Najua, wewe hapo nyuma unataka kusema "Jumbe". Kaa chini. Jumbe hapulizi, hupuliziwa. Sheria haikumwandikia nta.

Haya, nta inaganda na mimi nimemaliza maneno. Kondo alipiga mbiu kabla ya mdomo wa pili. Mwinchande aliujua ukweli akaumeza. Bi Mwanamvua alikula. Je, nani alistahili kuzibwa?