Mkate Mmoja, Wachumi Watatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani ya juzi tu, ambayo wazee wa huko bado wanaikumbuka kwa maumivu ya magoti, palikuwa na mji mdogo uitwao Wiklina, katika nchi ya Polandi. Kaeni vizuri. Polandi ni nchi ya baridi, na watu wake hawachoki kubishana juu ya uchumi. Wamezaliwa huko wachumi wa kila namna, wa kupanga kila kitu na wa kuliachia soko lijipange, na leo nawaletea watatu. Hawa ni wa hadithi yangu mimi, msiende kuwatafuta vitabuni.

Lakini kwanza nikujulisheni kwa mwoka mikate, maana mzigo wote umemwangukia yeye. Jina lake Leokadia. Serikali ya wakati ule ilikuwa imeamuru mkate uuzwe kwa bei ya chini kabisa, mwaka nenda mwaka rudi bei ileile, ili mnyonge asilale na njaa. Nia njema, hilo siwanyimi. Leokadia aliwasha tanuri alfajiri, akaoka mikate mia nne, na kabla ya saa moja asubuhi rafu zilikuwa tupu. Watu walipanga foleni, na foleni yenyewe ilikuwa na daftari. Ukifika, unaandikwa jina. Jina likiitwa, uitike. Kama umekwenda kunywa chai, limekatwa, anza upya. Na bado wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Maofisa wakaambiwa mkate hautoshi, wakaagiza uokwe zaidi. Ukaokwa zaidi. Ukaisha vilevile.

Basi lawama akatupiwa nani? Leokadia. Ikasemwa anauza kwa mlango wa nyuma. Watu waliokula mkate wake miaka ishirini wakaacha kumsalimu, na jambo hilo lilimuuma kuliko hata kuungua na tanuri. Aliyebaki upande wake alikuwa mmoja tu, mama yake wa ubatizo, Apolonia, mjane mzee aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Apolonia alisimama kwenye foleni kama wengine, hakutaka kupendelewa, na mtu akimsema Leokadia vibaya alimgeukia na kumpa vidonge vyake hapohapo.

Ndipo alipokuja Halina, wa kwanza katika watatu wetu. Alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu, mzaliwa wa Wiklina, amekuja kumtembelea mpwa wake. Wenzake walikaa ofisini na kuandika kwamba Wapolandi wanakula mno. Halina yeye akavaa koti, akaandikisha jina kwenye daftari, akasimama foleni siku nne. Siku ya kwanza akaona wakulima wakiondoka na magunia ya mikate. Siku ya pili akawafuata. Siku ya tatu akakuta nini? Nguruwe! Nguruwe wamenenepa wanatafuna mikate ya Leokadia, motomoto. Akamuuliza mkulima kwa nini, na mkulima akamshangaa kidogo. Gunia la mikate, alimwambia, ni rahisi kuliko gunia la ngano. Yeye si mwendawazimu alishe nguruwe ngano.

Halina akaandika: mwokaji hana kosa, mkulima hana kosa, kosa ni la bei. Akalitia jina lake chini. Makala ilitoka Jumatatu, Ijumaa kibarua kimeota nyasi. Miaka tisa akaishi jikoni kwa mpwa wake akishona makoti ya watu. Lakini mjini Wiklina watu wakaanza tena kumsalimu Leokadia, na Leokadia hakulisahau hilo.

Mambo yakabadilika huko juu, serikali ikaanguka, ikaja nyingine. Wa pili wetu, Zenon, mwanafunzi wa Halina, akapewa madaraka ya bei ya mkoa mzima. Kijana mwenye akili kali na moyo wa haraka. Akaenda jikoni kwa mwalimu wake akamuuliza, bei ifunguliwe kidogo kidogo au siku moja? Halina, sindano mkononi, akamjibu kwamba ukifungua kidogo kidogo, kila mtu ataficha ngano yake akingoja bei ipande tena. Siku moja, alisema. Zenon akafungua siku moja.

Kesho yake mikate ilikuwa kwenye rafu saa sita mchana. Watu walikuja kuitazama tu, wakiwa wamepigwa butwaa. Nguruwe wakarudishiwa viazi vyao. Daftari la foleni likatupwa juu ya kabati la Leokadia, halina kazi. Ila bei, jamani, ilikuwa mara tano, na pensheni ya wazee ileile. Zenon akazomewa mitaani. Baba yake mwenyewe akahama meza asile naye. Hakurudi nyuma hatua moja, na miaka miwili baadaye hata waliomzomea walikuwa wakinunua mkate bila foleni na bila shukrani.

Kipupwe kile cha kwanza baada ya bei kufunguliwa, Apolonia alikonda. Leokadia akampelekea mkate, mzee akaurudisha. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Alisema amekwisha kula, ameshiba, na kwamba hajapata kula mkate asioulipia. Leokadia akamwamini, au alijifanya kuamini, maana alikuwa na kazi nyingi.

Sasa wa tatu, Ignacy. Naye mwanafunzi wa Halina, mtu mpole, karani katika ofisi ya pensheni. Ignacy alisema kwamba wenye njaa kweli hawapigi kelele, wanaacha tu kuja. Akaliomba lile daftari lililotupwa juu ya kabati. Kila asubuhi akasimama dukani akilinganisha: hawa walikuwa wakiitika majina zamani, nani kati yao haonekani tena? Akawakuta wazee mia mbili na kumi na wawili. Akapiga hesabu, akaonyesha kuwa pensheni ikipandishwa kila mkate unapopanda, mkoa hautafilisika. Hesabu ilikamilika kabla ya Krismasi. Akairudia kuanzia mwanzo, akihofu kosa moja lingewapa wakubwa kisingizio cha kuikataa. Ikakubaliwa bila swali hata moja. Pensheni mpya ilifika mwezi wa tatu, na baadaye mikoa yote ikaiga.

Apolonia alikufa mwezi wa pili. Jina lake lilikuwa la kumi na nne kwenye orodha ya Ignacy.

Leokadia alilia kwa hasira, lakini tanuri haliulizi, akaendelea kuoka.

Miaka ikapita. Wiklina ikataka kutoa shukrani. Mji ulikuwa na nyumba ya kinu kando ya mto, nyumba nzuri, tupu. Ikaamuliwa apewe aliyeurudisha mkate, akae humo maisha yake yote. Na kwa desturi yao, sikukuu ya mavuno huokwa mkate mkubwa wa ngano mpya, na mwokaji humkabidhi mtu mmoja, mkate ukiwa mzima. Ukikatwa kabla ya kukabidhiwa, ni mkosi kwa mavuno yajayo. Atakayeupokea mwaka huo apokee na ufunguo. Na ikiwa hakuna atakayepokea siku hiyo, nyumba itachukuliwa na mkoa iwe ghala.

Watatu wote waliihitaji nyumba ile. Halina alikuwa mzee, na mpwa wake alihitaji jiko lake. Zenon hakuwa na mahali. Waliompangisha walimfukuza kila walipolijua jina lake. Ignacy alikuwa na watoto wanne katika chumba kimoja.

Jumapili, baada ya misa, Leokadia akasimama mbele ya mji mzima, mkate mikononi. Akawaambia waseme.

Halina akasema, "Nilisema kweli siku ambayo kweli ilikuwa na gharama. Nililipa miaka tisa. Bila mimi, mpaka leo mngekuwa mnamtukana Leokadia na kunenepesha nguruwe."

Zenon akasema, "Mwalimu wangu aliandika, na mkate haukurudi. Kweli yake ilikaa kwenye karatasi miaka tisa. Nilijua nitachukiwa, nikafanya. Mkate uliopo dukani leo niliuleta mimi."

Ignacy alinong'ona, watu wakalazimika kusogea. "Mkate uliokuwa dukani, wazee hawakuula. Mimi nilifanya uliwe."

Leokadia akawatazama. Kisha akauliza alichokibeba miaka yote: "Na Mama Apolonia?"

Halina akasema yeye ndiye aliyeshauri siku moja, na angeshauri hivyo tena, ila angemwambia Zenon awaangalie wazee kwanza. Zenon akasema hakuwaangalia. Ignacy akasema, "Nilikuwa naye kwenye orodha, nikairudia hesabu." Na Leokadia, mbele ya watu wote, akasema kuwa yeye alikuwa na mikate mia nne kila asubuhi, akakubali mzee amdanganye kwamba ameshiba.

Mkate ule ulikuwa mzito, akauegemeza kifuani. Karani wa mkoa, aliyekuja kuichukua nyumba ikikosa mwenyewe, akatazama saa. Nami nilipofika hapa mara ya mwisho, wasikilizaji wangu walikaribia kupigana, wengine walikuwa upande wa Halina, wengine wa Zenon, na bibi mmoja alimtetea Ignacy mpaka akapoteza kiatu. Sikumwambia mtu kama amekosea.

Haya, mpokeeni Leokadia mzigo wake. Mmoja aliiona kweli, mmoja aliitenda, mmoja aliwatafuta waliosahauliwa na akawafikia wote isipokuwa yule ambaye Leokadia alimpenda. Nyumba ni moja, mkate haukatwi, na asipopewa mtu, nyumba inakuwa ghala. Je, wewe ungempa nani, kisha ungeenda kusimama vipi kwenye kaburi la Apolonia, na kumwambia nini?